Sura ya Nne: Kutu Haiponi

Hakuna gari lililowahi kunidanganya. Nipe tochi, kioo kidogo cha daktari wa meno na nusu saa, nitakuambia lilizaliwa kiwanda gani, liligongwa mwaka gani, na kama fundi aliyelinyoosha alikuwa amegombana na mkewe siku ile. Maneno hayo nimeyasema harusini, nimeyasema misibani, na mara moja nilimwambia kinyozi ambaye hata baiskeli hana. Naitwa Marquis Tolliver, miaka ishirini na minne, mkaguzi katika ofisi ya Loretta Beasley hapa Detroit. Asubuhi ile ya Ijumaa, Machi, nilikuwa namwambia mama wa posta aliyetuletea barua, na nilikuwa nimefika kwenye kioo cha daktari wa meno, Mzee Gorecki alipoingia bila kubisha wala kuvua kofia.

"Lile si gari langu," akasema.

Mama wa posta aliaga upesi. Loretta akamvutia mzee kiti.

Thaddeus Gorecki ana miaka sabini na sita na vidole viwili visivyokunjika. Kwa miaka kumi na moja alifunga siti katika kiwanda cha Dodge pale Hamtramck, enzi zile magari ya silinda nane yenye misuli ya fahali yakitoka mlangoni kama mikate. Mwaka 1969 aliagiza moja la kwake mwenyewe, Charger ya kijani. Akaliuza mapacha wake walipozaliwa, akaanza kulitafuta mapacha hao walipohama nyumbani. Mwaka juzi akalipata kwenye banda la shamba moja huko Monroe, limebaki kutu yenye magurudumu manne. Akalinunua, akalipeleka kwa Dwight Haskell, fundi wa kufufua magari ya zamani, mtaa wa Conant. Wiki tatu na ushei kabla ya Ijumaa hii Haskell akatangaza kwamba kazi imekwisha, na mzee akatukodi sisi tulikague kabla hajalipokea. Nilitumwa mimi. Cheti nilikisaini mimi.

Loretta alikitoa kabatini akakisoma kwa sauti. Jumanne, saa tatu mpaka saa sita mchana, kwenye karakana ya Haskell. Bodi ni ile ile iliyotoka kiwandani. Namba zilizofichwa zimeonekana kwa macho. Picha nane, zote zimepigwa na mkaguzi.

"Jumanne ipi hii?" akauliza. "Ile ya pączki?"

Nikasema ndiyo, ile ile. Siku moja kabla ya Kwaresima, siku ambayo nusu ya Detroit inapanga foleni Hamtramck kununua yale maandazi mazito yenye jamu, na nusu nyingine inatafuta pa kuegesha gari.

Mzee hakuwa na habari na maandazi. Alikuwa amekwenda karakana jana kukaa ndani ya gari lake peke yake kwa mara ya kwanza, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyanyua siti ya nyuma. Hapo ndipo alipotaka kutueleza, na alieleza polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Gari lake lilipokuwa likishuka kwenye mstari wa kiwanda mwaka ule, wenzake wa zamu walisimama wakaandika majina yao kwenye bati la chini, pale siti ya nyuma inapokaa, kwa ile chaki ya mafuta ya njano waliyokuwa wakiwekea alama. Majina saba. Kisha mmoja akakimbia kumwita baba yake, Ignacy, aliyekuwa kwenye sehemu ya rangi.

"Baba alijua kuandika kitu kimoja tu," Mzee Gorecki alisema. "Jina lake. Nilimfundisha mimi, mezani, akiwa na miaka hamsini na tisa. Mshahara alikuwa anapokea kwa alama ya msalaba. Siku ile akainama akaandika, akarudi kwenye rangi. Februari tukamzika. Hakuna kitu kingine duniani chenye mkono wake, bibie. Nimetafuta."

Siku alipomkabidhi Haskell gari, alimwambia akate atakapo, achomelee atakapo, lakini kipande kile kisiguswe hata kikiwa na matundu kama kichujio cha chai. Na jana alikuta bati jipya, safi, linang'aa rangi ya kijani.

Loretta akanigeukia. "Ulipokagua ulinyanyua siti ya nyuma?"

"Nilinyanyua kila kitu."

"Uliona nini?"

"Bati safi."

Mzee akataka kujua kwa nini sikuandika hivyo. Nikamjibu kwamba cheti chetu hakina nafasi ya majina ya watu, kina nafasi ya namba tu. Nilitegemea atatabasamu. Alinitazama kama mtu anayesoma bango lililofutika.

Kisha akatoa la mwisho. Nyuma ya karakana ya Haskell kuna kontena la wazi la vyuma chakavu, limefunikwa turubai. Fundi mmoja alimwambia kwamba lori la kwenda kwenye mashine ya kusaga vyuma linakuja kesho Jumamosi, saa moja asubuhi. Mzee alijaribu kuinua turubai, wakamwondoa kwa adabu.

"Sitaki liwe zuri," akasema akiinuka. "Nataka liwe lile. Leo jioni niko kanisani nakaanga samaki. Nifuateni huko mniambie kama kuna kitu, au kama hakuna."

*

Loretta alikaa miaka ishirini na miwili katika kitengo cha polisi cha wizi wa magari kabla goti halijamstaafisha. Haongei sana akiwa kazini. Anamung'unya peremende za tangawizi, na ukitaka kujua anafikiri kwa kasi gani, hesabu makaratasi ya peremende chini ya siti.

Karakana ya Haskell ni safi kuliko jiko la mama yangu. Mafundi wawili walikuwa wanapiga msasa mlango kwa mkono, na katikati lilisimama gari lenyewe: kijani, refu, pua iliyofungwa, mgongo unaoteremka kama paka anayejiandaa kuruka. Mtu angeliangalia tu akasahau alichofuata. Haskell alitoka ofisini akifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. Ni mtu mpole. Alimpa Loretta pole ya goti kabla hajaambiwa habari ya goti.

Mimi alinipiga begani. "Marquis, yale ya plamu niliyamaliza peke yangu. Mke wangu hakuambulia hata sukari yake."

"Plamu gani?" Loretta akauliza.

Nikasema Haskell huyu kila ukikutana naye anazungumzia chakula. Haskell akacheka, akanitazama sekunde mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Kuhusu bati, alikuwa na maelezo na aliyatoa kwa huzuni inayofaa. Sakafu nzima ilikuwa imeoza, ikabidi iwekwe mpya. Kile kipande cha majina alikikata kwa uangalifu akakitenga, lakini fundi mmoja, ambaye hayupo tena, alikichanganya na vyuma vya kupulizwa mchanga ili kutu iwatoke. Majina yakaondoka na mchanga. Alikosa ujasiri wa kumwambia mzee, hilo alikiri. Lakini bodi yenyewe, nguzo, paa, ubavu, buti, yote ni ya gari lile lile.

"Na si mimi ninayesema," akamalizia, akachukua nakala ya cheti iliyokuwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu. "Ofisi yako imesema."

Loretta aliomba kuangalia. Alipiga goti lake zima chini, lile bovu akalinyoosha pembeni, akapitisha vidole ndani ya tao la gurudumu la nyuma, juu, chini, tena juu. Akagonga ubavu kwa fundo la kidole akisikiliza. Akauliza kama viraka vya ubavu vilichomelewa hapa hapa. Haskell akasema ubavu haukuhitaji kiraka. Gari lilikaa bandani tangu mwaka 1979, likala chumvi ya barabarani majira kumi tu ya baridi. Lilikuwa na bahati.

"Majira kumi ya hapa Michigan," Loretta akasema.

"Bahati," Haskell akasema.

Kisha Loretta akafungua buti. Kwenye ukingo wake, chini ya mpira wa kuzuia maji, magari yale yana namba iliyogongwa kiwandani ambayo wanunuzi wengi hawajui ipo. Wezi wanang'oa kile kibati cha namba kwenye dashibodi wanakipachika gari lingine. Namba ya kwenye buti haing'oki. Loretta alibandua mpira kiasi cha kiganja, akawasha tochi. Namba ilikuwepo, na ilikuwa sahihi, tarakimu kwa tarakimu, ikiishia na saba. Akaipiga picha kwa simu yake. Akashika cheti, akaitazama picha yangu ya namba hiyo hiyo, akatazama buti, akatazama tena picha. Akarudisha mpira taratibu.

"Acha kupiga gurudumu teke," akaniambia bila kugeuka. Sikuwa najua kwamba nalipiga.

*

Tulipotoka nilikuwa na wazo, nikalitoa kabla hajatia peremende nyingine mdomoni. Wazo lilikuwa Monroe. Tumeanzia katikati, nikamwambia. Nani alisema gari la bandani lilikuwa la kweli? Labda muuzaji ndiye aliyebadilisha vibati, akamuuzia mzee mwenye machozi gari la mtu mwingine, na Haskell masikini amefufua alichopewa. Nilikuwa na mifano mitatu, nilitoa yote. Loretta alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Twende Monroe basi," akasema.

Ni maili arobaini. Niliendesha kwa kasi inayoadhibiwa katika kata mbili tofauti, na nilizungumza njia nzima: habari za timu ya mpira wa magongo, habari za shemeji yangu aliyejifungia kwenye buti la gari lake mwenyewe. Loretta aliniambia nishushe kioo kwa sababu nilikuwa natoka jasho, na nje kulikuwa na theluji mitaroni.

Eunice Dressel, mjane wa miaka themanini, alitupokea akiwa na ndoo ya mayai na buti za marehemu mumewe. Hakutukaribisha ndani kwa sababu alikuwa ametoka kupiga deki, akatuonyesha banda. Mumewe alilileta gari lile mwaka 1979, akalifunika, akasema atalitengeneza majira ya kuchipua. Hakusema ya mwaka gani.

Nikamuuliza, kwa sauti ya upole niliyokuwa nimeifanyia mazoezi tangu njiani, kama mumewe aliwahi kuchezea vibati vya namba.

"Mume wangu aliogopa hata kubadilisha balbu," akasema.

Loretta akamuuliza habari ya siku mzee alipokuja kununua. Hapo mama akaweka ndoo chini. Alikumbuka vizuri. Mzee yule hakutazama injini. Aliingia nyuma, akanyanyua siti, akakaa humo muda mrefu mpaka yeye akadhani amepooza, akamfuata na tochi. Akakuta anatazama majina ya njano. Yalikuwa mengi ya harakaharaka, maandishi ya watu wa kazini, isipokuwa moja, herufi kubwa zilizopinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza, na herufi ya mwisho imepanda juu ya kichwa cha bolti kwa sababu nafasi iliisha.

"Ignacy," akasema. "Nilimuuliza ni la nani. Akanipa bei niliyotaja bila kupunguza."

"Na bodi ilikuwaje?" Loretta akauliza. "Ubavu wa nyuma, juu ya magurudumu?"

Mama akacheka kidogo. "Binti yangu, paka wangu alikuwa anazalia humo. Hakuwa anapitia mlangoni."

Basi Monroe ikafa pale pale. Gari lililotoka kwenye banda lile lilikuwa la kweli, na ubavu wake ulikuwa na matundu ya kupitisha paka mwenye mimba. Gari lililoko Conant halina kiraka hata kimoja. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea, na lori la vyuma lilikuwa limebakiza saa kumi na tano.

*

Njiani kurudi, Loretta alimpigia sajini mmoja waliyefanya naye kazi zamani, ambaye alikuwa amemtumia ujumbe wa habari hii tangu tulipotoka Conant. Aliweka sauti nje nisikie. Sajini alisema anaweza kwenda kwa jaji kuomba amri ya kulizuia kontena, jaji yupo ofisini mpaka saa kumi na mbili jioni. Lakini alikuwa ameshapiga simu karakana kuuliza, na alichotumiwa ni cheti chetu, chenye muhuri wetu na picha zetu.

"Unataka nimwambie jaji kwamba ofisi ya Loretta Beasley inaishtaki ofisi ya Loretta Beasley?" akauliza. "Niletee kitu kinachokivunja hicho cheti. Kama hakuna, liache lori lipite, mama."

Loretta akakata simu, akaniambia niingie kwenye kituo cha mafuta. Nikadhani anataka kahawa. Aliweka cheti juu ya dashibodi, pembeni akaweka simu yake yenye picha aliyopiga asubuhi.

"Tazama saba," akasema.

Nikaitazama. Kwenye simu yake, saba ya mwisho ilikuwa nzima, imenyooka, kona zake kali. Kwenye picha ya cheti, mkia wa saba ile ile ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki kishimo chenye umbo la punje ya mchele.

"Picha ya cheti ni ya kwanza, wiki tatu nyuma," akasema. "Yangu ni ya leo. Kwa hiyo kutu ilikuwepo, halafu ikapona. Mimi nimeishi na kutu miaka mingi, Marquis. Kutu haiponi."

Nikasema ni mwanga. Akasema mwanga hauchimbi shimo. Nikasema basi Haskell aliijaza na kuigonga upya baada ya mimi kuondoka, na nililisema hilo kwa uchungu wa kutosha, hata mimi nikaanza kulipenda. Loretta akafikiri.

"Inawezekana. Ama aligonga namba upya baada ya wewe kuondoka, ama picha hii ni ya chuma kingine, kile cha kweli, na gari la kijani liligongwa namba siku nyingi. Ya kwanza siwezi kuithibitisha leo. Ya pili unaweza wewe." Akanitazama. "Hii picha ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Nne na robo hivi."

"Gari lile la kijani, pale Conant, ukiwa umesimama mbele ya buti."

"Nimeandika hivyo, bosi."

"Najua umeandika. Ndiyo maana nakuuliza."

Mtu wa nyuma yetu alipiga honi akitaka pampu. Nikasema ndiyo. Loretta akafungua peremende, karatasi ikachukua muda mrefu kufunguka.

"Sawa," akasema. "Nipeleke kanisani."

*

Kila Ijumaa ya Kwaresima, chumba cha chini cha kanisa lile la Hamtramck kinanuka samaki tangu barabarani. Watu wanapanga foleni kwenye ngazi na makoti yao: Wapolandi wa zamani, Wayemeni wanaoishi jirani, polisi wa zamu, watu wa kutoka vitongojini waliokuja kwa ajili ya viazi tu. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja na dakika saba. Nilisema nitamsubiri garini. Loretta akasema sijala tangu asubuhi, na mkaguzi mwenye njaa hafai.

Mzee Gorecki alikuwa nyuma kabisa, aproni imefungwa kifuani, anainua kikapu cha samaki kutoka kwenye mafuta. Alituona. Hakuja. Alimaliza kikapu chake kwanza, akakiegesha kidondoke mafuta, kisha akasogea mpaka kwenye meza ya kugawia na kusimama pale, mikono chini. Loretta akamweleza kwa maneno machache. Gari la Monroe lilikuwa lake. Gari la Conant silo. Liko wapi la kweli hajui, ila kama bado lipo, lipo chini ya turubai lile. Na polisi hawawezi kuligusa turubai kwa sababu ya karatasi moja.

"Karatasi gani?" mzee akauliza.

"Yetu," Loretta akasema.

Aliyekuwa akigawa viazi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anaitwa Bi Stasia Lipka, kama lilivyosema kadi kifuani mwake. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikichagua uma. Uma zote zilikuwa sawa. Bi Stasia alinijazia viazi, akaniongezea, akasimamisha kijiko hewani.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye wa foleni."

Nikasema labda amenifananisha. Akasema hamfananishi mtu aliyemchekesha mpaka akaomba msamaha kwa kibofu chake. Akawageukia wenzake: ndiye huyu, yule kijana wa Jumanne ya pączki. Wanawake wawili wakaja kutazama. Loretta aliweka sahani yake chini.

"Mlipanga foleni pamoja?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Pamoja? Alikuwa mbele yangu kutoka saa mbili u nusu mpaka karibu saa sita. Baridi ile, mama, ningekuwa nimeganda kama si yeye. Alivaa boksi la maandazi kichwani akawa anakagua watu viatu. Akasema, 'Hakuna andazi lililowahi kunidanganya. Nipe tochi na kioo cha daktari wa meno.' Halafu nikamuuliza, mwanangu, huna kazi leo? Akasema—" Bi Stasia ilibidi aweke kijiko chini ili aweze kucheka. "Akasema, 'Mama, hapa unaponiona mimi niko kazini. Nakagua gari. Mwenye karakana ananipigia picha, mimi namnunulia ya plamu.'"

Hakuna aliyecheka upande wetu wa meza.

"Msidhani natunga," akasema. Akanyoosha kijiko ukutani, kwenye ubao wa matangazo, katikati ya ratiba ya misa na tangazo la paka aliyepotea. Hapo kulikuwa na picha za siku ile. Kwenye mojawapo nilikuwepo mimi, meno yote nje, boksi kichwani, na nyuma yangu dirisha la duka la mikate na saa yake kubwa. Saa nne na dakika kumi na nane.

Loretta alikwenda akaing'oa pini. Alirudi akiitazama kwa umbali wa mkono, jinsi alivyoitazama namba kwenye buti. Akaiweka juu ya cheti, karibu na mahali palipoandikwa saa tatu mpaka saa sita. Akatoa kalamu, akaifungua kifuniko, akailaza pembeni. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini, na jaji alikuwa mwendo wa robo saa.

Mzee Gorecki alikuwa anatazama chini ya cheti, kwenye saini yangu. Ni saini nzuri, nina mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Furaha ilikuwa imeanza kumtoka Bi Stasia usoni. Alimtazama mzee, akamtazama Loretta, akanirudia mimi. "Nimekosea mtu?" akauliza. "Siye wewe?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

Mzee akasogeza pembeni chupa ya siki na sahani ya limau, akapangusa meza kwa aproni yake, akanipa nafasi ya kuandikia.